Ulna mbili za Magna Carta: nguo ya mwaka 1215 ilikuwa na upana gani hasa?

Ibara ya 35 ya Magna Carta, ile hati maarufu ya haki ya Uingereza, haina habari na haki za raia wala mahakama. Inaongelea vipimo. Mfalme John wa Uingereza amebanwa na mabwana wake pale Runnymede, Juni 1215, na katikati ya mambo mazito kabisa ya nani afungwe na nani asifungwe watu wakakumbuka kudai kuwe na kipimo kimoja cha mvinyo nchi nzima, kimoja cha bia, kimoja cha nafaka, halafu wakafika kwenye nguo: upana uwe mmoja kwa nguo za kutiwa rangi, kwa russet na kwa haberget, nao ni ulna mbili (ulna ni kipimo cha urefu) kati ya ukingo na ukingo. Kwa Kilatini chao: due ulne infra listas. (Russet na haberget ni aina za nguo za sufu za enzi hizo, tusikwame hapo.)

Sasa kisa chenyewe ndo hiki. Tafsiri za Kiingereza za ibara hii karibu zote zinaandika "two ells". Unafungua kamusi unatafuta ell unakuta ni kipimo cha zamani cha nguo, inchi 45. Unapiga hesabu, 45 mara mbili ni 90, yaani mita 2 na sentimita 28 hivi. Nguo ya sufu nzito, ya kufumwa kwa mkono, mwaka 1215, pana kuliko kitanda cha sita kwa sita! Halafu unakutana na mtu mwingine anakwambia hapana bwana, ell maana yake ni mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kwa hiyo ulna mbili ni inchi 36 tu, nguo nyembamba upana wa yadi moja. Wa tatu anasema inchi 72. Wote wameshika neno lilelile na majibu yamepishana zaidi ya mara mbili, na huwezi kuwa na sheria ambayo haijulikani inadai nguo ya upana gani.

Tuanze na neno, maana humo ndo kuna ushahidi wa kwanza.

Ell ya leo imekatwa mkia. Kwenye Kiingereza cha kale iliandikwa eln, na hiyo n ya mwisho ndo inayotuonyesha ukoo mzima, kwa sababu ndugu zake wengine wameitunza: Kiswidi aln, Kidenishi alen, Kilatini ulna. Ile ile ulna ambayo daktari akishika picha ya eksirei anakuonyesha kuwa ni mfupa mmojawapo wa kigasha. Wajerumani wao wanasema Elle, n imewadondoka kama Waingereza. Wagiriki wa kale walikuwa na olene kwa maana hiyohiyo ya kigasha. Kwa hiyo wale wanaosema ell imetokana na herufi L, eti mkono ukikunjwa unafanana na L, waachane nayo hiyo stori, herufi L haijawahi kuwa na n mwishoni na haina undugu wowote na Kigiriki olene.

Ushahidi mwingine watu wanatembea nao kila siku bila kuusikia. Kiwiko kwa Kiingereza ni elbow. Kwenye Kiingereza cha kale kilikuwa elnboga, yaani eln pamoja na boga, pindo, mahali ell inapojikunja. Mjerumani mpaka leo anasema Ellenbogen, ipo wazi kabisa. Na maandishi ya zamani zaidi yenye neno la ukoo huu upande wa lugha za Kijerumani ni Biblia ya Kigothi ya karne ya 4, kazi ya askofu Wulfila, kwenye Mathayo 6:27, mstari ule wa nani kwenu akijisumbua aweza kujiongeza kimo chake. Wulfila aliandika aleina aina. Biblia yetu ya Union Version pale pale imeandika "hata mkono mmoja".

Na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo msomaji wa Kiingereza hana, kwa sababu mfumo huu kwetu haujafa mbali. Dhiraa imetoka Kiarabu na maana yake ni kigasha, sisi tukaiita pia mkono tu, na wazee wa pwani walikuwa nayo mpaka aina mbili: dhiraa kamili, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na dhiraa konde, toka kiwiko mpaka kwenye vifundo vya ngumi iliyofungwa. Tofauti ya hizo mbili ni vidole tu, lakini kwenye jora zima la kitambaa hivyo vidole vinakuwa nguo ya mtu. Hesabu yake ilikwenda vizuri: shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Shibiri ni toka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo mkono ukiwa umetanuliwa, kama inchi 9. Mkono inchi 18. Wari inchi 36, ndo yadi. Naomba hiyo inchi 9 uishike, nitairudia baadaye maana kwa maoni yangu ndo ufunguo wa kesi yote.

Kwa hiyo yule anayesema ell ni kigasha yuko sahihi kuhusu neno. Ila hajajibu kuhusu nguo. Neno kuzaliwa kwenye kigasha na kipimo kubaki urefu wa kigasha ni mambo mawili tofauti kabisa, na Uingereza yalishaachana kabla hata ya Magna Carta.

Tuangalie nani alikuwa anashika fimbo.

Mtu wa kwanza ni mfalme Henry I, aliyetawala 1100 mpaka 1135. Mwanahistoria William wa Malmesbury, ambaye aliishi enzi hizohizo, anaandika kwamba mfalme aliirekebisha ulna ya uongo ya wafanyabiashara kwa kuweka kipimo cha mkono wake mwenyewe, kisha akaagiza kitumike Uingereza nzima. Ile hadithi maarufu ya kwamba yadi ni toka pua ya mfalme mpaka dole gumba lake imeota juu ya sentensi hii, pua kwa William haimo. Cha muhimu kwenye ushahidi huu sio mkono wa mfalme, ni hayo maneno "ulna ya uongo". Maana yake wafanyabiashara tayari walikuwa na kitu kinaitwa ulna, kitu cha kushika, na kila mmoja alikuwa na cha kwake. Kama ingekuwa ni kigasha cha mtu kusingekuwa na uongo wa kurekebisha, kigasha chako ni chako, mrefu mrefu na mfupi mfupi. Ukishasema ulna fulani ni ya uongo umeshakubali kwamba ya kweli iko mahali nje ya mwili wa mtu.

Wa pili ni Richard I, mwaka 1196, kwenye amri yake ya vipimo. Hapo ndo inaingia kwa mara ya kwanza kanuni ambayo Magna Carta ilikuja kuinakili: nguo za sufu ziwe na upana wa ulna mbili ndani ya kingo. Na serikali ikagharamia fimbo za chuma zipelekwe mikoani. Chuma, sio mbao, maana mbao inakatwa, inakwanguliwa, inalowa. Amri hii haikupendwa hata kidogo. Mwaka 1202, John akiwa ndo mfalme, miji kadhaa, Lincoln na Beverley imo, ililipa pesa kwenye hazina ya mfalme ili iachwe kununua na kuuza nguo za upana wowote kama zamani. Yaani sheria imetungwa, halafu serikali ileile inauza ruhusa ya kutoifuata. Ndo maana mimi siishangai ibara ya 35 kuwepo kwenye Magna Carta. Mnunuzi ambaye hana mji wa kumlipia ndo alikuwa anapigwa.

Wa tatu ndo shahidi mkuu. Kuna waraka wa Kilatini wa mwishoni mwa karne ya 13 au mwanzoni mwa ya 14 unaojulikana kama Compositio ulnarum et perticarum, mpangilio wa ulna na wa fito za kupimia mashamba. Unasema punje tatu za shayiri, kavu na za mviringo, zinafanya inchi, inchi 12 zinafanya futi, futi 3 zinafanya ulna, na ulna 5 na nusu zinafanya fito moja ya kupimia shamba. Rudia hapo: futi 3 zinafanya ulna. Inchi 36. Waraka unaongea wazi kuhusu ulna ya chuma ya mfalme na unasema ina futi tatu, basi.

Kwa hiyo makarani wa mfalme walipoandika ulna kwa Kilatini walikuwa wanaongelea kitu ambacho Mwingereza wa sokoni alikuja kukiita yadi. Hili neno yadi nalo lina kwao: kwenye Kiingereza cha kale gyrd au gerd ni fimbo, ufito. Halina mwili wa mtu ndani yake, ni mti tu. Karani akitafuta neno la Kilatini la hiyo fimbo ya kupimia nguo akakuta lililo karibu ni ulna, akaliweka. Matokeo yake neno la kigasha likakaa miaka na miaka juu ya fimbo yenye urefu wa vigasha viwili. Na hilo sio la Uingereza peke yake. Iceland, ambako nguo ya sufu ilikuwa ni pesa na madeni yalihesabiwa kwa ell, sheria ya karibu na mwaka 1200 iliweka fimbo iitwayo stika, ell mbili kamili, na alama yake ikawekwa ukutani mwa kanisa ili mwenye wasiwasi aende akapime. Mikono miwili ni wari. Mtu wa Lamu angeelewa bila mkalimani.

Sawa, na hiyo 45 imetoka wapi?

Hapa ndo turudi kwenye inchi 9. Waingereza wa biashara ya nguo hawakugawa yadi kwa futi na inchi kama mafundi seremala. Waligawa kwa nusu, nusu ya nusu, na kuendelea. Yadi ilikuwa na robo nne, kila robo inchi 9, na kila robo ikagawanywa mara nne tena kupata kipimo kiitwacho nail, msumari, inchi 2 na robo, ambacho ni sehemu ya 16 ya yadi. Ukikunja kitambaa mara mbili, tena mara mbili, tena na tena, utafika hapo bila kujua kusoma wala kuandika. Sasa angalia ell tatu zilizokuwa zinatajwa kwenye vitabu vya hesabu vya Kiingereza: ell ya Flanders inchi 27, ell ya Kiingereza inchi 45, ell ya Kifaransa inchi 54. Kwa jicho la kawaida ni namba za ovyo tu. Gawa kwa 9. Robo 3, robo 5, robo 6. Na yadi yenyewe robo 4. Zote ni familia moja na robo yao ni shibiri. Hakuna hata moja inayolingana na kigasha cha binadamu, kigasha kingekuwa robo 2, na hiyo ndo imekosekana kwenye orodha!

Kwa hiyo 45 sio mkono wa mtu yeyote, wala wa mfalme jitu. Ni robo 5, ni hesabu ya duka. Na kila bidhaa ilikuwa na fimbo yake: sufu ya kienyeji ikienda kwa yadi, kitani kikienda kwa ell, mazulia ya ukutani yaliyofumwa Flanders yakihesabiwa kwa ell ya Flanders hata yakiuzwa London. Hiyo ya Flanders ni sentimita 68 na nusu hivi, imekaribiana sana na ell ya Amsterdam iliyokuwa karibu sentimita 69, kwa hiyo hiyo Waingereza waliipatia. Ya Kifaransa waliipika, maana aune ya Paris ilikuwa kama mita 1.19, wakati robo 6 za Kiingereza zinafika mita 1.37. Nadhani walichotaka ni namba inayoingia kwenye robo vizuri.

Hii ya robo sio jambo la wasomi wachache. Shakespeare kwenye The Comedy of Errors ana mtumishi anayemcheka mwanamke mnene wa jikoni aitwaye Nell, anasema jina lake na robo tatu, yaani an ell na robo tatu, haitoshi kumpima toka nyonga mpaka nyonga. Utani wenyewe unaumiza kidogo ukiusoma leo, ila kwa kesi yetu ni ushahidi mzuri, mtu anasimama jukwaani anasema ell na robo tatu na watazamaji wanacheka papo hapo bila kufafanuliwa, maana kila mtu ameshanunua kitambaa.

Fimbo rasmi ya hii ell ya 45 ipo. Serikali ya malkia Elizabeth I ilitengeneza vipimo vya mfano mwaka 1588, na humo kuna fimbo ya yadi na fimbo ya ell kila moja na yake. Angalia tarehe: 1588. Magna Carta 1215. Kuna miaka zaidi ya 370 katikati. Anayechukua inchi 45 za Elizabeth akazipeleka kwa mfalme John anafanya kosa lilelile la mtu anayesoma bei ya shilingi ya mwaka 1970 kwa shilingi ya leo.

Mpaka hapa hesabu inaelekea inchi 72, lakini karatasi peke yake isitoshe, tuijaribu kwenye chombo cha kufumia. Kufuma ni kurusha kibebea uzi, ile mashua ndogo ya mti, toka mkono wa kulia upite katikati ya nyuzi udakwe na mkono wa kushoto. Mtu mmoja mikono yake ina mwisho. Ndo maana nguo pana ya sufu ya Kiingereza ilifumwa na watu wawili, wamekaa bega kwa bega kwenye chombo kimoja, huyu anarusha yule anadaka, mpaka John Kay alipoleta mashua ya kujirusha mwaka 1733. Na nguo ikitoka kwenye chombo haijaisha, inapelekwa kukandwa kwa maji na udongo mpaka sufu ijishike, inasinyaa sana, kwa hiyo ile iliyofumwa ilikuwa pana kuliko iliyouzwa. Ukitaka inchi 72 baada ya kusinyaa tayari una kazi ya watu wawili iliyonyooka. Ukitaka 90 baada ya kusinyaa unaongelea chombo kipana mno hata kwa hao wawili. Sisemi haiwezekani kabisa, nasema sheria ya nchi nzima huwezi kuijenga juu ya hiyo.

Halafu sheria yenyewe inakuja kujieleza. Mwaka 1465, chini ya Edward IV, bunge linaweka kipimo cha nguo pana: urefu yadi 24, na kwa kila yadi inchi moja ya nyongeza, upana yadi 2, au kwa uchache kabisa robo 7, ndani ya kingo. Msemo ni uleule wa Richard na wa Magna Carta, ndani ya kingo, na namba ni ileile, mbili. Ila sasa imeandikwa yadi. Yadi 2 ni inchi 72, sentimita 183 hivi. Robo 7 ni inchi 63. Kwangu mimi hapo kesi imeisha, anayesema 72 ameshinda.

Ila hiyo "inchi moja ya nyongeza" nisiipite tu kwa sababu ndo sehemu tamu ya soko. Muuzaji anaweka fimbo juu ya nguo, pale fimbo inapoishia anabonyeza dole gumba, na fimbo ya pili inaanzia baada ya dole, sio kabla. Upana wa dole gumba ni inchi moja. Mnunuzi anaondoka na inchi 37 kwa bei ya 36, na ni haki yake, sio fadhila. Wanunuzi wakubwa wa London walikuwa wamezoea kitu kikubwa zaidi, yadi na kiganja kizima, mpaka sheria ya 1439 ikawakataza: ni yadi na inchi, sio yadi na kiganja kwa mtindo wa London. Hapo mwili wa mtu ulioondolewa kwenye fimbo umerudi mlango wa nyuma kupitia dole gumba. Wanaouza vitenge wanaijua hii vizuri, ile ya mteja kusubiri mkasi uende mbele kidogo ya alama kabla haujakata.

Na kule Scotland ell rasmi ilikuwa inchi 37. Yadi na dole gumba! Mimi naona ni vigumu kuamini kwamba ni bahati tu. Sheria za kale zinazohusishwa na mfalme wao David I wa karne ya 12 zinatoa mpaka jinsi ya kupata hilo dole: pima dole gumba la mtu mkubwa, la mtu wa kati na la mtu mdogo, pale shina la kucha lilipo, uchukue wastani. Hiyo ndo hekima niliyoipenda kuliko ya Henry, badala ya mkono wa mfalme wanachukua watu watatu wa kawaida. Fimbo kuu ilikaa Edinburgh, na vipimo vya chuma vikapachikwa hadharani mijini ili watu wahakikishe wenyewe, kuna kimoja mpaka leo ukutani pale Dunkeld kwenye nyumba inayoitwa Ell Shop.

England wao walimweka mtu. Aliitwa alnager, na ukitazama vizuri ile n iliyopotea imo humo, al-n-ager. Neno lilifanya safari ndefu: Wafrank, watu wa lugha ya Kijerumani, walilipeleka Ufaransa, likawa alne halafu aune, likarudi England na watawala waliosema Kifaransa, likakuta ndugu yake ell yuko pale pale wala hakulitambua. Kazi ya alnager ni kama ya afisa wa vipimo wa leo, anapima urefu na upana, anaangalia kama nguo haijavutwa, kwa sababu mchezo mkubwa ulikuwa kuitundika nguo ikiwa mbichi kwenye fremu yenye ndoano na kuivuta mpaka ifike kipimo, mteja akiifua inarudi ilikotoka. Nguo ikipita inabanwa muhuri wa risasi, vidude viwili vya mviringo vinavyopenya ukingo wa kitambaa na kugongwa. Kuanzia 1353 iliongezwa na kodi juu yake, peni 4 kwa nguo nzima isiyotiwa rangi nyekundu ya thamani, peni 6 kwa iliyotiwa. Kwa hiyo mpima nguo akawa mkusanya kodi, na mtu akishakuwa mkusanya kodi kupima kunakuwa kazi ya pili. Mihuri hiyo ya risasi bado inaokotwa kwenye matope ya Thames maji yakikupwa.

Niseme na upande wetu kidogo, maana kesi kama hii ipo kwenye karatasi za Zanzibar. Baada ya mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa 1833 pwani ilijaa kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, ndo merikani, na misafara ya kwenda bara ililipa hongo kwa nguo hiyo. Kipimo kilichoitwa upande ni mikono 4, na doti ni mikono 8. Anayesoma hesabu hizo akakuta doti 10 ana inchi 1,440 kwenye karatasi, lakini ni lazima ajiulize mkono wa nani, kamili au konde, wa muuzaji pale Bagamoyo au wa jumbe anayepokea huku bara akiwa na vijana warefu nyuma yake. Kule fimbo ya chuma ya mfalme haikufika.

Hata methali zinaonyesha nani alipima kwa nini. Waingereza walikuwa wakisema ukimpa inchi atachukua ell, ilishachapwa mwaka 1546 kwenye mkusanyo wa John Heywood, siku hizi wameigeuza wanasema maili kwa sababu ell hawaijui. Sisi tunasema ukimpa shibiri atachukua pima. Mroho wa Kiswahili anazidisha mara 8. Mroho wa Kiingereza mara 45, na kwenye toleo la maili ni mara 63,360, hapo sio uroho tena ni kampuni ya Kiingereza ya India, ile iliyoanza na biashara ikaishia kumeza nchi.

Na tahadhari ya mwisho kwa anayesoma nyaraka za Waholanzi, maana hao ndo wamevuruga kuliko wote. Walipochukua mfumo wa mita kwa sheria ya 1816, ukaanza kutumika 1820, hawakutaka kuwatisha watu kwa majina ya Kifaransa, wakachukua neno lao la zamani el wakalibandika kwenye mita. Likakaa hapo mpaka karibu na 1870. Kwa hiyo risiti ya Amsterdam ya 1810 ikisema el 5 za kitani hiyo ni mita 3 na nusu hivi, ya 1840 ikisema el 5 hizo ni mita 5 kamili, duka linaweza kuwa lilelile na mwandiko uleule.